Mistari Miwili

Nesi Nyemo alinisomea fomu, kurasa kumi na moja,
polepole, kama anayechambua mchele.
Akifika penye neno gumu anahamia Kigogo,
kisha anarudi, anafuta miwani.
"Wote mtapata dripu ile ile, mzee.
Juu yake, wengine kidonge chenye dawa,
wengine kidonge kitupu. Vyote vyeupe."
Nani anachagua? "Kompyuta."
Na wewe utajua? "Sitajua."
Daktari je? "Hata yeye."

Chedego, mwanangu, alinikanyaga mguu chini ya meza.
Baba, twende. Hawa wanakufanya panya.

Lakini mimi ni mtu wa zabibu, wa Mpunguzi.
Mwaka fulani bwana shamba alikuja na kamba na vibao,
akaligawa shamba langu mistari miwili:
huu samadi ya mbuzi na poda mpya,
huu samadi tu.
Nilimbishia. Mzabibu una kosa gani,
hata huu ule na huu utazame?
Akacheka. "Tukiipa yote, tutajuaje
kama ni poda, au mvua, au mkono wako?"

Usiku nilichota poda viganja vitatu
nikaupelekea mstari wa pili.
Huruma.
Mavuno yakatoka sawa, kilo kwa kilo.
Bwana shamba akaandika: poda haina faida.
Akawasha pikipiki, na poda haikuja tena
Mpunguzi, wala Bihawana, wala kwingine.
Sikumwambia mtu.

"Unaweza kujitoa siku yoyote," alisoma Nyemo,
"wala hutaulizwa sababu."
Nimetia saini benki, nimetia kiwanda cha mvinyo,
nimetia mbele ya mchungaji;
hakuna karatasi iliyowahi kuniambia hivyo.
Nikachovya kidole gumba kwenye wino.
Namba 047.

Kila siku ya ishirini na moja nipo kwenye benchi,
ukuta wa kijani, feni isiyozunguka.
Ugali uligeuka jiwe tangu Pasaka.
Mlenda ulipita kwa muda, ukateleza wenyewe,
sasa nao unasimama kooni kama mgeni
asiyejua kama amekaribishwa.
Wananipima: hamsini na moja. Arobaini na tisa na nusu.
Hamsini! Nyemo akapiga makofi peke yake.
Wananirudishia nauli, nasaini tena.

Namba 046 ni Bi Zaituni wa Kondoa.
Koo lake na langu ni ndugu.
Siku moja alisogea, kopo lake ndani ya khanga.
"Tuchanganye," alinong'ona. "Leo changu, kesho chako.
Hivyo atakayekosa hatakosa kabisa."
Maneno ya mtu aliyelelewa vizuri.
Kwetu chumvi haifichwi jirani,
na mkono wangu ulikwishafungua kifuniko.

Ndipo nikaikumbuka poda.

Nilimsimulia yote, viganja vitatu,
mwezi ulivyokuwa, mbwa asivyobweka.
Alinyamaza. Kisha akacheka mpaka akakohoa,
mpaka nesi akaja mbio na kikombe.
"Kumbe ni wewe," akasema, "mwizi wa majibu!"
Akafunga kopo lake. Nikafunga langu.
Tulikaa hivyo, kila mtu na chake,
kwa mara ya kwanza maishani bila aibu.

Sijui nimesimama mstari upi.
Nyumbani Chedego anavuna peke yake,
anapiga simu kuuliza kreti, kuuliza bei,
haulizi koo.
Nami kila alfajiri kidonge ulimini, maji,
kichwa nyuma kama kuku anayekunywa,
na kinashuka, kwa shida, lakini kinashuka.

Leo Nyemo amemwaga kopo langu mezani,
anasogeza vilivyobaki kwa ncha ya kalamu.
Vilipaswa kubaki saba.
Anahesabu saba.
Anahesabu tena, maana wazee wana mambo,
na mimi natazama kalamu yake
nikiwa na hofu ya mtoto wa shule,
mpaka anapoandika.