Chumvi Yetu

Nilikuwa kijana wa wino pale Boma, Lindi.
Asubuhi najaza vidau, naosha nibu,
kisha nasimama nyuma ya kiti cha karani Virajilali
nikiutazama mkono wake ukienda taratibu
kama mtu avukaye matope na kanzu nyeupe.

Alikipenda Kiingereza chao.
Neno likimpendeza alilitia mdomoni kwanza,
ndipo karatasini.
"Mchopa," aliniambia, "hawa wana sheria.
Mjerumani alikuwa na kamba."
Babu yangu aliijua ile kamba kwa shingo yake.
Nikanyamaza, nikamwongezea wino.

Jioni ile ile nilimkuta nyuma ya godauni
na barua kutoka kwao:
ndugu yake kafungwa, kaokota chumvi ufukweni
bila ruhusa ya hao wenye sheria.
Aliikunja mara nne, akaitia kwenye soksi,
akaniuliza kama nimefunga madirisha.

Mwaka wa Jubilei Bwana Shauri alimwagiza risala.
Bendera itapanda, watoto watapewa biskuti,
Wahindi wa Lindi watatoa shukrani zao.
Siku tisa aliandika.
Rasimu nilizichoma mimi, jikoni,
na kila moja ilikuwa na neno moja limekatwa,
limerudishwa, limekatwa tena
mpaka karatasi ikatoboka.
Siku yenyewe alisoma kwa sauti tamu
na machozi yakamtoka. Hayakuwa ya uongo.
Sijui yalikuwa ya nini.

Hata wiki haijaisha, wakamleta Bi Somoe wa Kitunda.
Pishi moja ya chumvi, kaichemsha mwenyewe, hana kibali.
Shtaka aliandike nani?
Aliliandika yeye, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote.
Faini shilingi sita, au siku saba ndani.
Bibi hakuwa hata na senti ya tundu.

Virajilali akatoa sita zake,
akazipanga mezani moja moja,
akaomba risiti.
Akaisoma. Tarehe ilikuwa na kosa.
Akairudisha isahihishwe.

Bi Somoe hakushukuru.
Aliuliza tu: "Na chumvi yangu iko wapi?"
Karani akatazama dirishani,
mimi nikatazama karani,
na chumvi ilikuwa pale pale, chini ya meza,
imepigwa lakiri.

Alipoondoka nchini aliniachia daftari.
"Nitunzie," alisema, kama mtu aendaye sokoni.
Nikalitunza miaka arobaini sanduku moja na cheti cha ndoa,
mistari yote inaning'inia kama nguo kambani,
nami sijui hata a.

Mwaka juzi nikalipeleka Mtwara,
kwenye duka la vitambaa, kwa binti aitwaye Hansa.
Akasoma huku akipima khanga za watu.
"Hapa ni Mfalme wetu," akasema.
"Lakini lugha yetu ina *wetu* mbili, mzee.
Moja ni wetu, mimi na wewe unayenisikia.
Ya pili ni wetu sisi, wewe haumo.
Ameandika ya kwanza, akaikata.
Akaandika ya pili, akaikata.
Mwisho kaacha Mfalme peke yake."

Basi nikajua kilichotoboa karatasi zile.

Akafunua mbele. "Na hapa, siku ya mwanamke wa Kitunda:
*leo nimeitoza faini chumvi yetu.*"
Moyo ukanipiga. Nikamuuliza, yetu ipi?
"Ile ya kwanza," akasema. "Yenye wewe."

Nikacheka mwenyewe pale dukani, mzee mzima,
nikashika meza.
Hansa akageuza ukurasa, akarudi nyuma,
akakuna shavu kwa ncha ya mkasi.
"Ila hii ni barua, mzee. Hakuituma.
Huyo *wewe* ni ndugu yake, yule wa jela."

Mteja akataka doti mbili.
Nilikunja daftari mara moja, kwa kuwa halikunjiki mara nne.