Kishimo Kisicho na Dawa

Mbarara, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
ukungu ungali umelalia mto Rwizi.
Navaa glavu juu ya glavu,
barakoa inayobana mfupa wa pua,
naingia chumba ambacho hewa huingia bure
na kutoka kwa kuchujwa.
Kiatamizi kinanguruma: nyuzi thelathini na saba,
joto la kwapa la mtoto mwenye afya.
Siku saba kimeatamia sahani zangu
kama kuku asiyejua mayai ni ya nani.

Kimelea hiki hakina papara.
Kile cha kuhara huzaa kabla chai haijapoa;
hiki hujigawa mara moja, jua lizame, jua lichomoze,
kinajivika nta, kinanyamaza.
Adui mwenye subira hapigwi kwa hasira.
Tunamngoja.
Naye anatungoja.

Kila sahani ina vishimo tisini na sita.
Humo nimedondosha maji ya magome ya Bushenyi,
mizizi ya Kasese,
unga mweupe uliokuja kwa ndege ndani ya barafu kavu,
una namba, hauna jina.
Jana jioni nikatia rangi, tone kwa tone.
Sheria yake ni fupi:
buluu, wamekufa;
waridi, wazima, wanapumua.
Ndiyo ajabu ya kazi hii,
ua likichanua nahuzunika.

Lakini safu ya mwisho sikuitia dawa.
Lazima igeuke waridi. Isipogeuka
jaribio zima ni batili,
tumwage, tuanze upya.
Nyakairu, aliyenifundisha, huiita safu ya shahidi.
Mimi naiita kwa jina la baba yangu,
kimoyomoyo.

Koplo Odongkara, kambi ya Magamaga,
aliyetulea kwa Kiswahili cha amri:
simama, geuka, kula, lala.
Alimeza vidonge miezi miwili, mkojo ukawa rangi ya soda ya chungwa,
akapata nguvu, akaviweka juu ya kabati.
"Askari aliyepona hali posho ya mgonjwa."
Mwezi wa tano kifua kikamrudia
na silaha mpya.
Safari hii vidonge vilipiga hewa.

Nafungua sahani ya kumi na nne.
Waridi, waridi, waridi,
shamba zima limechanua.
Kisha, mstari wa D, kishimo cha saba:
buluu.
Buluu tupu, kama sare ya shule siku ya kwanza.
Moyo uliruka; mkono nikauamuru utulie.
Nyakairu akaja, akainama, hakutabasamu.
"Rudia mara tatu. Halafu ijaribu kwenye seli za ini.
Hata jiki inaua, Adong. Nani atakunywa jiki?"

Wiki zimepita, nimerudia.
Mara mbili buluu.
Mara ya tatu zambarau, rangi isiyojua iende wapi.
Majibu ya seli za ini ni Alhamisi,
umeme ukituhurumia
na jenereta ikipata dizeli.

Mama hupiga simu kila Jumapili.
"Mmeipata?"
kana kwamba ni mbuzi aliyekata kamba.
Nasema, bado.
Bado, yaani hatujaipata.
Bado, yaani tungali tunaitafuta.
Yeye husikia lile analolitaka, kisha huuliza kama nimekula.

Sasa napangusa meza kwa jiki hiyohiyo,
nachukua sahani mpya.
Juu ya kifuniko, kwa kalamu isiyofutika,
naandika tarehe, naandika namba,
na pembeni, juu ya safu isiyo na dawa,
herufi moja ndogo: O.
Nyakairu akiuliza
nitamwambia ni sifuri.