Matundu Manne

Dalali alisema: kitoe hicho chuma ukutani,
hakuna anayenunua uzee.

Basi Ragnhild akakifungua, skrubu moja moja,
chuma alichokishika mamake miaka tisa
akitoka majini, akihema,
akiyatukana magoti yake.

Mvua ya Bergen iligonga kidirisha
kama aliyesahau ufunguo.
Bomba jipya. Sakafu mpya.
Kioo kipana cha kudanganya macho,
maana bafu lenyewe ukigeuka umeshafika.
Matundu manne akayaziba kwa saruji nyeupe,
akayalainisha kwa kidole gumba
hata asiyaone tena.

Usiku akaoga humo, kabla ya wageni wa kesho.
Wakati wa kutoka mguu ukateleza kidogo,
na mkono, bila kumuuliza,
ukaenda ukutani,
ukapapasa
pale pale.