Tundu la Milimita Tatu

Nimetandika gazeti la juzi juu ya meza ya jikoni,
nikalilaza gurudumu langu ubavu
kama mgonjwa asiyetaka kuangaliwa.
Jumanne lilinizimikia juu ya daraja la reli, Wrzeszcz,
mvua ya Novemba ikija kwa mshazari:
mimi mbele, lenyewe nyuma,
magoti yakaisalimu lami.
Meno yalikuwa salama.

Ndiyo kazi yangu, meno ya bandia,
kutoka maabara ya Bwana Zenobiusz
hadi kliniki sita za Gdańsk,
kila seti na kikopo chake,
yakitabasamu gizani mgongoni mwangu.

Betri kwanza. Nimeichomoa, nimeiweka mbali, dirishani,
nami nazungumza kwa sauti ya chini mbele yake.

Skrubu ishirini na sita.
Nazipanga kwenye trei ya mayai, kila shimo na ukoo wake:
ndefu za ganda, fupi za taa,
na hizi nne zenye kutu
ambazo bisibisi inazilamba bila kuzing'ata.
Nazitonesha mafuta. Naenda kukata matango ya chumvi
na viazi vya supu. Narudi.
Ya mwisho inalia kwiii,
inatoka.

Nilidhani nitakuta maji.
Nimekuta mwaka mzima.
Mchanga wa Stogi, wa ile Jumapili moja yenye jua.
Unywele wa mbwa, nami sina mbwa.
Chumvi ya barabarani, ya Februari,
imegandamana na waya kama ukoko wa chungu,
na pembeni mwa bodi, doa la kijani
pale tone moja lilipokaa, likakaa, likala shaba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta;
na ukuta huu bei yake naijua, mishahara miwili.

Basi nasugua kwa spiriti na mswaki mkuukuu
(kwa kazi yangu mswaki haukosekani).
Napaka bodi rangi ya kucha, ile isiyo na rangi,
maana dawa yenyewe itafika Ijumaa
na vibogoyo hawangoji Ijumaa.
Ni ya dada yangu Dobrawa.
Aliisahau hapa Julai, alipokuja kwa wiki moja
akaondoka siku ya pili,
mlango ukisema yale aliyoyameza yeye.
Napaka tabaka moja. Nangoja. La pili.
Silikoni kwenye kila mshono,
grisi kwenye beringi,
gasketi nimeikata kwenye kofia ya kuogelea.
Supu inatokota. Madirisha yamefumba macho.
Nafunga.

Imebaki skrubu moja.
Siku zote hubaki moja.

Usiku nikaliogesha bafuni dakika kumi.
Nje lilichuruzika, ndani halikupata hata tone.
Nikalala kama mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi kioo cha taa kilikuwa na ukungu
kwa ndani.
Nilifuta, nikafuta. Kidole kilikuwa upande huu,
ukungu upande ule.
Mvuke wa supu yangu mwenyewe!
Nilikuwa nimeyafungia maji humo humo,
kwa ustadi, kwa mikono miwili,
na nilivyoziba vizuri hivyo ndivyo yalivyokosa pa kutokea.

Trei ya mayai tena. Skrubu ishirini na tano.
Kikausha nywele nusu saa, majirani wakigonga ukuta.
Kisha keekee, na pumzi nimeibana:
tundu la milimita tatu, chini kabisa,
mahali ambapo mvua haipandi
ila tone likitaka kushuka, lishuke.

Saa mbili kasoro, meno mgongoni, mvua ileile.
Taa safi.
Kwenye taa nyekundu ya Grunwaldzka nikashika nguzo kwa mkono mmoja,
kwa mwingine nikampigia Dobrawa,
kumuuliza kama rangi yake ya kucha bado anaihitaji.
Iliita mara nne.
"Imekwisha?" akasema.
Nikamwambia imebaki kidogo.