Imepiga Harusi Mbili Tu

"Imepiga harusi mbili tu," alisema Chilumba,
akaifuta kamera kwa pindo la shati
kama mtu afutaye yai la kupeleka ukweni.
Tulikuwa kibarazani kwake, Mkuti, Masasi,
saa nne, jua limeshaushika mwamba wa Mtandi,
nami nina laki moja na ishirini ndani ya soksi
na mazoea mabaya ya kutoliamini neno "tu".

Kamera ndogo, ya kuingia mfuko wa shati.
Nikaiwasha. Lenzi ikatoka kwa mkoromo,
ikasita, ikatoka tena,
kama kobe aliyeitwa na mtu anayemdai.

Hapo ndipo pa kusikiliza.
Pazia la kamera hulioni. Ni vijani vyembamba
kuliko ngozi ya kitunguu,
vinafumbuka na kufumba kabla hujamaliza kusema "ka".
Vikichoka havipigi kelele. Vinachelewa,
na kuchelewa huko kunataka sikio la mama
anayehesabu pumzi za mtoto mwenye homa.

Nikapiga ukuta wa chokaa.
Picha ya kwanza ikaungua: nyeupe yote,
ukuta na mjusi wake wamepotelea humo.
Ya pili sawa. Ya tatu sawa, mjusi amerudi.
Nikaizima, nikangoja, nikaiwasha.
Ya kwanza ikaungua tena.
"Ikiamka ina usingizi," Chilumba akaitetea,
"hata wewe."

Nikaielekeza juu ya mwamba, kwa kasi ya mwisho.
Anga likaja na kivuli upande mmoja,
kope iliyolegea.

Kitufe kilikuwa kimelika rangi,
katikati kinang'aa mviringo mdogo.
Na kwenye mfereji wa lenzi, nilipochokoa kwa njiti ya kiberiti,
ukatoka unga wa njano.
Nikanusa.
Salfa.
Nani huoa chini ya mikorosho, mwezi wa saba,
pampu zinanguruma?

Nikatumbukiza kadi yangu, mpya, tupu.
Kamera haijali kadi. Inahesabu moyoni,
kama muuza duka anayelijua deni lako bila daftari.
Nikapiga kidole changu cha mguu.
Picha ikajipa jina: 8612.

"Chilumba, hii ni elfu nane, mia sita na kumi na mbili."
Akacheka. Kisha hakucheka.
"Harusi mbili," akasema, safari hii kama anauliza.
"Asnati aliniambia harusi mbili.
Ule msimu wa vitambulisho vya wakulima
alikuwa Chigugu, kwa dada yake, anamsaidia kupika.
Na msimu uliofuata."
Midomo ikaanza kupiga hesabu, picha moja mia tano.
Nikaiona milioni nne ikimpita usoni,
laki tatu zikiifuata,
elfu sita zikichechemea nyuma.
Akainua macho kwenye mabati, thelathini na mawili, hayana kutu.
"Haya alileta shemeji, kutoka Tunduru,"
akaniambia, nami sikuwa nimeuliza.

Ndani, mchi ukaacha kutwanga.

Nilikuja kukagua pazia, sikuja kulifunua.
Nikasema, "Lakini mashine hizi zikipata joto
namba zake hurukaruka. Usizitie moyoni."
Uongo wangu ulitoka vizuri, wala haukusita.

Chilumba akaweka kidole cha shahada juu ya kitufe.
Hakikuenea. Mliko ule
ulikuwa wa kidole chembamba kuliko chake.
Akakiacha hapo muda mrefu, bila kubonyeza.

"Nipe laki," akasema. "Ya kwanza inaungua, umeona mwenyewe."
Nikavua kiatu, nikampa zote, laki na ishirini.
"Hizo ishirini si zako," nikamwambia,
naye hakuniuliza ni za nani.

Nilipofika kwenye michongoma nikausikia mchi.
Pigo la kwanza lilichelewa.
La pili sawa.