Ne

Saluniki, jikoni mwa hoteli, saa kumi alfajiri.
Stathisi kashika sufuria: "Nimwage?"
"Ne!" Rumiana apaza sauti. Kwao Plovdivu ni hapana.
Kwa Mgiriki ni ndiyo,
na supu ya watu arobaini
ikateremka mferejini na giligilani zake.

"Ne?" akauliza Nurteni, Mturuki, kisu mkononi.
Yeye alitaka kujua tu: nini?

Ghorofani mgeni wa Seuli ajibu simu,
ne, ne, ndiyo, ndiyo,
hajui kwamba hakuna supu.

Sauti zafanana kama mapacha,
wala hazikunyonya ziwa moja.

Nami mwosha vyombo, povu hadi viwikoni,
nasikia neno la kwetu
lililokatwa katikati,
nangoja mtu alimalize.

Rumiana siku hizi hushika sufuria kwanza,
ndipo akatae.