Mstari wa Nne

Daftari lenyewe ni la kituo cha pamba:
kilo upande huu, makato upande ule,
na katikati, palipotakiwa jina la mkulima,
mjomba Bahitwa ameandika mashairi.
Herufi zake zimelalia kulia, kama magugu maji
upepo ukivuma kutoka Ukerewe.

Nimelisoma siku tatu, kibarazani, Igogo,
jiwe la nyuma ya nyumba likinipa kivuli hadi saa nane.
Kurasa arobaini na moja.
Moja ina doa la mafuta ya sato,
nyingine ameitoboa kwa kufuta.
Zote ni za mtu mmoja, Nshoma binti Lubango,
aliyechora juu ya magunia
kwa rangi iliyobaki kwa wapaka mitumbwi.

Ukurasa wa pili: *Leo kanionyesha Mwanza isiyo na ziwa.
Ziwa limekwenda Musoma kumjulia hali mtu,
limeacha viatu mlangoni.*

Wa saba: *Mwanamke anasuka nywele za moshi.
Sikuelewa. Nikauliza bei.*

Wa tisa, neno alilolipata kwa padri mgeni, usurealisti,
kaliandika mara tatu, kila mara kwa tahajia yake,
na pembeni, kwa penseli:
*Nimemwambia. Kacheka hadi brashi ikamdondoka.
Kasema, Bahitwa, mimi sichori ndoto.
Nachora Jumanne.*

Mjomba alikuwa mtu wa mizani.
Mchana alipima pamba, usiku alipima silabi,
na kotekote hakumpunja mtu.
Kwa hiyo naelewa alivyoteseka hapa, ukurasa wa ishirini:

*Amechora jiwe zito, lapaa juu ya nyumba,
Amechora na kijito, chapanda ngazi za chumba,
Nami kwangu ni mzito, ulimi wa kuyaimba,*

halafu nukta.
Nukta, nukta, na shimo dogo
mahali kalamu ilipogota ikisubiri.
Ukurasa wa pili yake ni maneno matupu, yamepangwa kama wafungwa:
kamba, shamba, mamba, mimba, pamba.
Pamba kaikata mara mbili.

Kisha picha iliyomkosesha usingizi.
Wanawake wa soko la Kirumba wamesimama safu,
vinywa wazi, na ndani ya kila kinywa
visamaki, macho yao nje kama watoto dirishani.
Mtaa ulisema Nshoma kalogwa.
Mjomba hakusema kitu. Asubuhi alikwenda sokoni,
akamuuliza muuza furu,
na yule mama, bila hata kumtazama,
akabinya taya la furu kwa kidole gumba:
wadogo wakamwagika kiganjani, hai.
*Ndivyo anavyolea,* kasema. *Utachukua fungu?*

Mjomba ameandika: *Jumanne.*
Basi. Ukurasa mzima, neno hilo moja.

(Mwaka huohuo, asema pengine, furu walianza kuadimika nyavuni.
Sangara walikuwa wakubwa, na bei nzuri.
Ile picha aliinunua nani, hakuandika.)

Nimefika mwisho nikitafuta mstari wa nne.
Kanakili ubeti wote upya, kwa mwandiko wa sikukuu,
mistari mitatu, na chini yake nafasi.
Ndani ya nafasi kuna rangi ya buluu, ya mitumbwi,
na mkono ule si wa mjomba.
Ni furu mmoja, kinywa wazi,
watoto wanane wanaingia, wanane wanatoka.

Nshoma hakujua kusoma.
Lakini alimwona, jioni nyingi,
akihesabu kwa vidole, nane, na nane,
midomo ikicheza bila sauti.

Nimewahesabu tena leo, kwenye mwanga mzuri.
Kumi na sita.
Au kumi na watano, maana yule wa pembeni
huenda ni mafuta ya sato.
Sitamfuta.